Sanduku la Wasomaji: Ujumbe Umeingia, Je, Pesa Imeingia?

Barua za mwezi huu zimenifikia kwa njia za kila namna. Moja imekuja ndani ya bahasha yenye stempu, nyingine ni ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao ilinibidi niusikilize mara tatu huku nikiunakili kwa kalamu, na zilizobaki zimeandikwa kwa simu. Nimechagua tano ambazo, ijapokuwa waandishi wake hawafahamiani, zinauliza jambo moja: ikiwa biashara na mazungumzo yetu yamehamia kwenye simu na hatutazamani tena usoni, neno la mtu tulipime kwa kipimo gani? Nimezifupisha kidogo na kuondoa majina.

SWALI: Nina duka dogo la kanga na vitenge jirani na soko kuu la Morogoro. Jumamosi moja, wakati duka limejaa watu, mteja alichagua doti sita, akasema analipa kwa simu, na punde simu yangu ikalia. Ujumbe ulisema nimepokea shilingi 108,000, ukiwa na namba ya muamala, tarehe, saa, na hata salio jipya. Nikamfungia mzigo wake, akashukuru na kuondoka. Jioni nilipotaka kumlipa mwenye mali ndipo nikakuta salio langu ni lile lile la asubuhi. Binti yangu ananilaumu kwa kuwa ujumbe ule ulitoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Nifanye nini, na nitawezaje kuwahakiki wateja bila kuwavunjia heshima? *Mama wa Vitenge, Morogoro*

JIBU: Pole sana, mama. Binti yako amesema kweli, lakini amesema nusu yake.

Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na hapa Tanzania mwaka uliofuata, ule ujumbe mfupi uliofuatia kila muamala ulichukua nafasi ya stakabadhi. Watu tuliuzoea upesi kiasi kwamba mlio wa simu ukawa kama mlio wa sarafu zinazodondoka mezani. Lakini sarafu ni mali yenyewe, na ujumbe ni habari tu ya mali. Pesa yako imo katika kumbukumbu za kampuni ya simu, na habari juu yake inaweza kuandikwa na yeyote mwenye vidole na nia mbaya. Ni kweli kwamba ujumbe halisi huingia kwa jina la huduma na kujipanga chini ya jumbe za zamani za huduma hiyo hiyo, ilhali wa tapeli mara nyingi huja peke yake kutoka namba ya kawaida. Hata hivyo nisingekushauri uliegemee jina hilo peke yake, kwa sababu wapo wanaojua kughushi hata jina la mtumaji.

Nirudi kwenye ujumbe wako, kwa maana ndani yake mlikuwa na kitu kilichoweza kukuokoa. Umeandika kwamba ulionyesha “hata salio jipya”. Tapeli alijuaje salio lako? Hakulijua, alibuni. Kwa kawaida anayepokea pesa hakatwi chochote wakati wa kupokea, kwa hiyo salio la asubuhi ukijumlisha na shilingi 108,000 lilipaswa kulingana na lile lililoandikwa, bila kupungua wala kuzidi hata shilingi moja. Muuzaji anayelijua salio lake kila saa ni mgumu kumdanganya, kama vile muuza nyanya anayejua amebakiwa na ndoo ngapi. Na pale duka linapojaa usiweze kukumbuka hesabu, uliza salio wewe mwenyewe kwa menyu ya simu: nyota 150 nyota 00 reli kwa M-Pesa, na kila mtandao una namba zake. Jibu litokalo huko ndilo la kuamini.

Kuhusu heshima, nakuazima maneno niliyojifunza miaka ile nilipokuwa nauza duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa tunasema, “Subiri kidogo, mtandao wangu una kigugumizi.” Lawama inabebwa na mtandao, mteja hakutuhumiwa, nawe umepata sekunde ishirini za kutazama salio. Mteja mkweli atasubiri, kwa sababu anajua pesa yake imekwenda. Asiye mkweli ndiye atakayeanza kuangalia saa.

Pia omba lipa namba kwa ajili ya duka. Mteja huona jina la biashara yako kabla ya kuweka namba ya siri, na pesa ya vitenge haitachanganyika na pesa ya sukari ya nyumbani. Wenzetu wa Kenya wanaifahamu kwa jina la till. Ukibandika karatasi ya namba hiyo mezani, iwe mazoea yako kuisoma kila unapofungua duka, uhakikishe ni yako bado.

Ujumbe wa uongo uusambaze kwenda namba 15040 inayopokea taarifa za utapeli wa simu nchini, kisha uende polisi na simu yenyewe mkononi. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020, kwa hiyo namba ile ina jina. Sikuahidi kwamba ni jina la mwizi. Wapo watu ambao vitambulisho vyao vimetumika kusajili laini wasizozijua, na ndiyo maana nakusihi nawe upige nyota 106 reli ujue ni namba ngapi zimeandikwa kwa jina lako.

Nami usinione mjanja. Kuna siku nilituma shilingi 40,000 kwa mtu nisiyemjua kwa kukosea tarakimu moja ya mwisho, na jina lake lilijitokeza wazi mbele ya macho yangu kabla sijaweka namba ya siri. Sikulisoma. Matapeli wanaishi kwa haraka yetu hiyo. Ule ujumbe maarufu wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” haumtaji mtu wala deni, lakini kila siku unamkuta mtu fulani ambaye kweli alikuwa karibu kutuma pesa mahali fulani.

SWALI: Ninauza viatu kwa jumla Kariakoo. Zamani mali kauli, yaani mzigo unaochukuliwa kwanza na kulipwa ukishauzwa, nilimpa mtu ninayemfahamu, au aliyeletwa na mtu ninayemfahamu. Siku hizi nina wateja Songea, Kigoma na Sumbawanga ambao sijapata kuwaona kwa macho. Tunapatana kwa ujumbe wa sauti, ninapakia mzigo kwenye basi, wao wanauza na kunitumia fedha kidogo kidogo. Wa Songea nilimpelekea jozi 84, naye anasema zilimfikia 72. Bei tulipatana kwa sauti, na ule ujumbe wake wa kukubali idadi ameufuta. Je, mazungumzo ya simu yanahesabika kuwa mkataba, au nimeliwa? *Muuza Viatu, Kariakoo*

JIBU: Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo uliyouliza, ingawa sidhani kama ndiyo itakayokurudishia viatu. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na kwa sheria hiyo makubaliano hayakataliwi kwa sababu tu yamefanyika kwa njia ya kielektroniki. Mahakama itakachotaka kujua ni jinsi ujumbe ulivyotengenezwa na kutunzwa, kama haujachezewa, na kama aliyeutuma anatambulika. Kwa hiyo usitegemee picha za skrini peke yake, maana picha ni rahisi kuitilia shaka. Itunze simu yenyewe ikiwa na mazungumzo yote, usiifute wala kuiuza. WhatsApp iliruhusu mtu kufuta ujumbe kwa pande zote mbili tangu mwaka 2017, na alama inayobaki inathibitisha kwamba jambo fulani lilisemwa, lakini haisemi ni jambo gani.

Sasa tuache mahakama, tutazame hesabu. Umepeleka jozi 84, mwenzako amepokea 72, pungufu ni 12. Viatu vya jumla kwa kawaida hupakiwa jozi 12 kwa katoni. Kama vyako ndivyo, basi ulipeleka katoni saba, naye amepokea katoni sita kamili. Hapo sioni mtu aliyefungua boksi akachomoa jozi moja moja. Naona katoni nzima iliyopotea njia. Stakabadhi ya basi haihesabu jozi, inahesabu vifurushi. Itafute, utazame kama imeandikwa 7 au 6. Ikiwa ni saba, ugomvi wako uko na basi kabla ya kuwa na mteja wako. Ikiwa ni sita, waulize vijana wako waliobeba mzigo kutoka dukani mpaka stendi. Fanya hivyo kabla hujamtumia mtu wa Songea ujumbe mwingine wa hasira, kwa maana inawezekana kabisa kwamba alifuta sauti yake kwa sababu alikiri idadi kabla ya kuhesabu, akaona aibu.

Mali kauli, kama jina lake linavyojieleza, ni mali iliyofungwa kwa neno. Lakini wazee wetu wa biashara hawakuliacha neno lisimame peke yake. Walikuwa na mtu aliyemleta mgeni, ambaye uso wake ungeharibika kama mgeni angetoroka. Walikuwa na daftari. Na walikuwa na desturi ya kuhesabu pamoja, mtoaji na mpokeaji wakiwa wameinama juu ya mzigo mmoja. Simu imekupa wateja wa mbali ambao baba yako asingewapata, jambo ambalo nalisifu bila kinyongo, ila katika nguzo hizo tatu imekuachia moja tu, yaani daftari, na hilo nalo limetawanyika katika vipande vya sauti ambavyo hakuna anayeweza kuvipekua.

Kwa hiyo patana kwa sauti kadiri upendavyo, maana sauti inabembeleza na maandishi hayabembelezi, lakini ukimaliza andika ujumbe mmoja wenye kila kitu: “Katoni 7, jozi 84, shilingi 14,000 kwa jozi, jumla 1,176,000, malipo ya mwisho siku ya 30, ambazo hazikuuzwa zitarudi kwa nauli yako.” Mwombe ajibu kwa maandishi kwamba amekubali, na usipakie kabla hajajibu. Zima ule mpangilio wa jumbe zinazojifuta zenyewe katika mazungumzo yote ya biashara. Piga picha katoni zikiwa zimefungwa kwa utepe, andika namba ya kila moja juu ya utepe, moja ya saba, mbili ya saba, hadi mwisho, kisha upige picha stakabadhi. Naye azihesabu na kuzifungua pale pale stendi huku mtu akirekodi video, asisubiri kufika dukani; huko ndiko kuhesabu pamoja kwa mtu aliye kilomita zaidi ya mia tisa kutoka kwako. Na mkubaliane mapema ni nani anayebeba hasara ya njiani, kwa kuwa hilo ndilo neno ambalo hakuna aliyelisema katika barua yako yote.

Kuhusu yule mtu anayemleta mgeni, sina njia ya simu inayoweza kuchukua nafasi yake. Mwulize mteja mpya ni duka gani jingine la Kariakoo linalompa mzigo, kisha toka nje utembee hadi kwenye duka hilo.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 71, niko Pangani. Watoto na wapwa zangu wako Dar es Salaam, Arusha, na mmoja yuko Muscat. Mwezi uliopita mpwa wangu aliniandikia hivi: “Shkm mjomba, nmetuma 30 na ya kutolea. Nipo kaz.” Pesa imefika, salamu haikufika. Lililoniumiza zaidi ni kifo cha shemeji yangu, ambacho nilikisoma kwenye kundi la ukoo kikiwa kimebanwa katikati ya tangazo la mchango wa harusi na picha ya keki. Je, nimepitwa na wakati, au adabu ndiyo iliyokwisha? *Mjomba, Pangani*

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Barua yako ndiyo iliyokuja kwa bahasha, nami nimeisoma nikiwa nimekaa vizuri.

Hukupitwa na wakati. Ila naomba unisikilize kwanza upande wa mpwa wako, kwa sababu naona amehukumiwa kwa herufi na kusahauliwa kwa tendo. Tazama maneno yake matatu ya katikati: “na ya kutolea”. Kijana yule alijua kwamba wakala akikupa pesa yako, kuna gharama ya kutoa itakayokatwa, na kwamba shilingi 30,000 ingefika mkononi mwako ikiwa imepungua. Akaongeza juu yake ili iliyokusudiwa iwe kamili. Maneno hayo hayakuwepo ulipokuwa kijana, lakini maana yake unaifahamu: ni sawa na mtu anayekuletea kuku na kukuletea mkaa wa kumpikia. Heshima yake ameiweka kwenye hesabu, wewe ukaitafuta kwenye salamu.

Ufupi wenyewe nao si mgeni kwetu. Bila shaka unazikumbuka simu za maandishi za zamani, yaani telegramu, ambazo kila neno lilikuwa na bei yake pale posta. Moja iliyofika kwetu ilisema BABU MGONJWA SANA NJOO HARAKA, na kila aliyeisoma alijua kwamba babu amekwisha kufariki, kwa kuwa hakuna aliyediriki kumfikishia mtu msiba kwa neno lenyewe akiwa peke yake njiani. Kisha zikaja simu za mkononi na kubipu: mlio mmoja, nimefika salama, milio miwili, nipigie, sina vocha. Ujumbe mfupi ulipokuja, ulikuwa na nafasi ya herufi 160 tu, na hapo ndipo “Shikamoo” ilipoanza kung’olewa irabu zake. Cha ajabu ni kwamba ujumbe wa kwanza kabisa wa namna hiyo, uliotumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ulikuwa ni salamu: ulimtakia mtu heri ya Krismasi, kwa maneno kamili, basi.

Siku hizi nafasi si haba tena, na mpwa wako angeweza kuandika ukurasa mzima kwa bando lile lile. Anafupisha kwa mazoea. Nakushauri usimkaripie kwa maandishi, maana maandishi huongeza ukali ambao hukukusudia. Bonyeza alama ya kipaza sauti, umtumie sauti yako: mwitikie shikamoo yake, umwulize hali ya nyumbani kwake, umwulize kazi, umshukuru kwa ile ya kutolea, uitaje hasa. Atakujibu kwa sauti, kwa kuwa ni vigumu sana kumjibu mjomba anayesema kwa kidole gumba kilichochorwa.

Katika suala la msiba nasimama upande wako moja kwa moja, wala simtetei mtu. Kundi la ukoo ni uwanja, na mfiwa hapewi habari uwanjani. Najua hoja ya vijana: kwa Waislamu wa pwani maziko hayachelewi, mara nyingi ni siku ile ile, na watu walio Dar es Salaam wanahitaji kupanda basi ndani ya saa moja, kwa hiyo lazima habari isambae. Hoja hiyo ni ya kweli na bado haiwazuii kugawana kazi, mmoja awapigie wazee na ndugu wa damu wakati mwenzake anaandika tangazo, na tangazo lisitoke mpaka yule wa kwanza aseme amemaliza. Simu tano au sita hazizidi dakika kumi. Waombe pia watenge kundi la michango na kundi la habari za ukoo, ili marehemu asilazwe jirani na keki.

SWALI: Mimi ni mteja. Nikiona gauni zuri mtandaoni na kuuliza bei, jibu ni “njoo inboksi”. Kwa nini bei iwe siri? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Sababu zipo, dada, na si zote mbaya. Muuzaji wa dukani hukutazama tangu viatu hadi saa ya mkononi kabla hajataja bei, na huyu wa mtandaoni, kwa kuwa hakuoni, anataka akuvute pembeni atazame picha yako ya wasifu. Tena hataki jirani yake wa biashara aione bei na kuishusha kwa shilingi hamsini. Wengine wanapenda tu wingi wa maoni chini ya picha.

Mimi naona wanajipunguzia wateja. Mtu mwenye haja huuliza mara moja, akisumbuliwa anakwenda kwingine. Kwa programu ya wafanyabiashara ambayo WhatsApp iliitoa mwaka 2018, hata mwenye meza moja ya nguo anaweza kupanga bidhaa zake kwa picha na bei, akaandika saa anazofungua, na jibu la kumpokea mgeni anapokuwa amelala. Anayetaka kuacha mlango wa kupatana aandike bei kisha aongeze “maongezi yapo”, kama tunavyoona kwenye matangazo ya viwanja. Kwa upande wako, usimlipe mtu aliyekuficha bei kabla mzigo haujakufikia mkononi, na unapolipa usome jina linalojitokeza.

SWALI: Ninaoka keki za sherehe nyumbani, Dodoma, na oda zangu zote zinapitia WhatsApp. Mwezi Mei 2024 intaneti ilipotupotea nilikuwa na keki ya kumpongeza mhitimu, na picha ya mfano aliyonitumia mteja nilikuwa sijaipakua. Nilikisia rangi, nikakosea, nikarudisha nusu ya pesa. Mume wangu anasema nirudi kwenye daftari. Si ni kurudi nyuma? *Mwoka Keki, Dodoma*

JIBU: Si kurudi nyuma, na mpe mumeo kipande cha keki.

Siku ile, Jumapili ya tarehe 12 Mei, nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Seacom ilianza kutuhudumia mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata. Kabla yake sehemu kubwa ya intaneti ya pwani hii ilipitia kwenye setilaiti, kwa mwendo wa kinyonga na kwa bei ya dhahabu. Nyaya hizo ndizo zilizokuwezesha wewe kupokea picha za keki kwa bando la bei ndogo. Lakini fikiri njia yenyewe: mteja wako yuko Area C, wewe uko Nkuhungu, mngeweza kukutana kwa bodaboda, na picha ya keki inatoka kwake ikaenda ng’ambo ya bahari kisha ikarudi Dodoma. Uzi ukikatika Msumbiji, krimu yako inakosa rangi.

Simu ya kawaida, ujumbe mfupi na ile menyu ya nyota na reli haziendi mbali hivyo. Zinategemea minara na mitambo ya kampuni za simu za humu humu nchini. Kwa hiyo wakati picha haifunguki, bado ungeweza kumpigia mteja na kumwuliza, na yeye angeweza kukulipa. Nakisia hukupiga kwa sababu hukuwa na namba yake mahali pengine, au hukuwa na mazoea.

Nunua daftari la kaunta, lenye mistari. Kila oda ikiingia, kabla hujajibu “sawa”, ipakue picha na uandike jina la mteja, namba yake ya simu, siku na saa ya kuchukua, kilo, ladha, rangi kwa maneno, kiasi alichotanguliza na kiasi kilichobaki. Daftari hilo lifungie kabatini, usiliache mezani wazi, na wala usimpe jirani anayeuza maputo namba za wateja wako bila wao kukubali. Tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtu aliyekupa namba kwa ajili ya keki hakukupa kwa ajili ya maputo.

Na maneno ya juu ya keki yanakili herufi kwa herufi, kisha jioni ya kabla ya kupamba umpigie mteja umsomee. Simu hupenda kusahihisha majina yetu bila kuombwa, na mteja mwenye haraka hatazami alichokituma. Mwambie akutajie herufi moja moja, ujue kama mhitimu ni Asha au Aisha, kabla hujaminya krimu.